Sweta Nyekundu Ziwani

Watu huniuliza mbona sili samaki, na mimi huwajibu kwa ukali ili waache kuuliza. Kukaa Migori bila kula samaki ni kama kukaa Kisii bila kula ndizi; watu wanakuona una kasoro. Huwa nasema nina aleji. Sina aleji yoyote. Nilikula samaki miaka zaidi ya thelathini, na hapa nitaeleza wikendi niliyoacha, kwa sababu nimechoka kuwa mkali.

Ninauza dawa za mifugo mjini. Mimi ni Mkuria, na maji ninayoyajua ni yale ya kunywesha ng'ombe. Rafiki yangu wa karibu ni fundi wa magari hapo Suna, Mjaluo wa kisiwa cha Takawiri, ndiye anayeifanya pikapu yangu itembee wakati kila mtu ameshaikatia tamaa. Kwa miaka alikuwa akinitania kwamba siku moja atanipeleka kwao nikamwone samaki akiwa bado ana hasira. Nami nilikuwa namjibu kwamba kiumbe asiye na miguu hana adabu, siwezi kumtembelea nyumbani kwake. Wa tatu wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkisii, mtu wa maneno mengi na methali kila baada ya pumzi mbili. Jioni nyingi tulikaa gereji sisi watatu, juu ya matairi, tukinywa chai ya flaski na kubishana juu ya mambo yasiyotuhusu.

Basi msimu wa mvua ukaja, ile mvua isiyojua kupumzika, na kaka mkubwa wa fundi akazama.

Walikuwa watatu kwenye boti. Upepo uliipindua. Wawili walishikilia mitungi ya petroli wakaelea mpaka wakaokotwa. Yeye hakuonekana. Alikuwa amevaa sweta nyekundu ambayo mama yao alimfumia kwa mkono wake mwenyewe, yenye mistari miwili myeupe mwishoni mwa mikono. Sweta hiyo ilitangazwa kila ufuo kuanzia Mbita mpaka visiwa vya mbali: mwanamume mrefu, sweta nyekundu, mistari miwili myeupe. Walimtafuta wiki tatu. Habari za hiyo sweta nilizijua vizuri sana, na nataka hilo lieleweke tangu mwanzo.

Alhamisi moja fundi aliingia dukani kwangu akiwa bado na grisi mikononi. Hakusalimia.

"Jumapili tunazika yago," akasema.

Yago ni tunda la mvungunya, refu na zito, gumu kama gogo. Kwao mtu akipotea majini kabisa, hawawezi kukaa na matanga yasiyo na mwisho. Wanachukua tunda hilo, wanalifunika kama mtu, wanalizika badala yake, na watu wanarudi kwenye maisha yao. Nilikuwa nimesikia habari hiyo zamani. Sikuwahi kufikiri ningeiona.

"Pole, ndugu yangu," nikamwambia. "Angalau mama atapumzika."

"Mama hataki yago. Anamtaka mtoto wake." Alikuwa anaangalia rafu ya dawa za kupe kana kwamba anasoma bei. "Tukishazika, imekwisha. Mtu hazikwi mara mbili, wazee wa kwetu wamesema. Akionekana baada ya Jumapili, haletwi nyumbani tena. Anazikwa pale pale ufuoni alipotokea, kama mgeni. Mama amesikia hivyo, na tangu asikie hajalala."

Akaendelea: watu watakuja Jumapili na lazima wale, baba yake mdogo ana boti, Jumamosi wataenda kuvua samaki wa matanga. Alitaka mimi na mwalimu twende naye. Tukiwa kule tutakuwa tunaangalia huku na huku. Ni mara ya mwisho.

"Mimi sijui kuogelea," nikasema.

"Nani amekuambia uogelee? Utakaa ndani ya boti utoe maji na kopo." Hapo akacheka kidogo, mara ya kwanza katika wiki tatu, na kicheko hicho ndicho kilichonipeleka. Angenisihi ningekataa.

Tuliondoka Ijumaa na pikapu yangu kupitia Rongo na Homa Bay. Mvua ilitusindikiza njia nzima. Mwalimu alianza safari akiwa na methali tele, lakini tulipoona ziwa pale Homa Bay, la kijivu, limejaa magugu mpaka karibu na barabara, akanyamaza. Fundi hakuligeukia. Aliweka uso mbele mpaka Mbita, ambako baba yake mdogo alikuwa anatungoja na boti.

Yule mzee alikuwa mfupi, mkavu, amevaa koti la mvua lililoshonwa kwa gunia la nailoni. Alitusalimia kila mmoja kwa mikono miwili, akatushukuru kwa kuja, kisha akamwangalia mwalimu na mimi kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Hawa wanajua maji?" akamwuliza fundi.

"Hawajui."

"Sawa," mzee akasema, na alivyosema haikuwa sawa hata kidogo.

Tulifika Takawiri tukiwa tumelowa mpaka kwenye mifupa. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, kushoto kwa nyumba ya mama, na ndani yake maji yalikuwa yamesimama. Wanaume wawili walikuwa wakiyateka kwa ndoo na kuyamwaga kando, nayo yanarudi. Tulipewa nyumba ya marehemu tulale, kwa kuwa mke wake na watoto walikuwa wamehamia kwa mama. Nikaingia kuweka begi langu kitandani, na haki ya Mungu, nilitoka mbio.

Kulikuwa na mtu kitandani. Amefunikwa blanketi mpaka shingoni, amelala chali.

"Ni yago," fundi akasema mlangoni. "Usiogope. Mama amesema alazwe vizuri."

Mwalimu, ambaye huwa hakosi la kusema, alikaa chini kwenye kigoda akafungua kamba za viatu vyake, akazifunga, akazifungua tena. Usiku huo tulilala kwenye mkeka, sisi watatu, na tunda likalala kitandani. Sitasema nililala.

Asubuhi ya Jumamosi hapakuwa na jua. Kulikuwa na mwanga tu, na manyunyu, na baridi ya aina ambayo sikujua Nyanza inayo. Mama yao alitoka akatupa chai ya moto na viazi vitamu. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyekonda vibaya. Alinishika mkono akaufunika kwa mkono wake wa pili.

"Nyathina," akaniambia, maana yake mwanangu, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mimi macho yangu imeisha. Leo nyinyi ndiyo macho yangu."

Nikamwambia tutaangalia vizuri, mama. Nilisema kwa moyo wangu wote. Nikikumbuka sasa nasikia aibu mpaka masikioni.

Kabla ya kusukuma boti, mzee alisimama kwenye kokoto akatuambia kanuni. Alisema polepole, kwa Kiswahili, kwa ajili yetu wageni wawili.

"Mkiona mtu kwenye maji, mnasema. Hata kama si wetu. Mtu hapitwi. Ukimwona ukampita, umemkataa, na ziwa hili halisahau. Atakufuata mpaka kwako, hata kama kwako hakuna maji."

"Na tukimwona tunafanya nini?" mwalimu akauliza.

"Hatumwingizi kwenye boti. Tunamfunga kamba, tunamvuta nyuma, polepole. Injini inakuwa chini. Hakuna haraka. Tunaongea na yeye mpaka nchi kavu. Hata kama ziwa limechafuka, hakuna haraka."

Nilisema sawa. Kusema sawa si kazi ukiwa umesimama kwenye kokoto.

Majaketi ya kuelea yalikuwa mawili. Moja alipewa mwalimu. La pili lilikuwa la fundi, amelivaa tayari. Alinitazama nilivyokuwa nimeshikilia ukingo wa boti kwa mikono yote miwili, akafungua vifungo, akanivisha mimi. Nikakataa. Akanifunga kamba kifuani kwa nguvu, akanipiga begani, akasema, "Tulia, omera, ndugu yangu. Wewe ni wa ng'ombe." Akaenda kukaa nyuma kwenye injini na shati lake tu na koti jembamba.

Mzee alikuwa ametega kamba ndefu za ndoana tangu jana yake, mbali, ng'ambo ya kisiwa. Tukazifuata. Kazi ilikuwa kuvuta kamba taratibu, ndoana baada ya ndoana, na nyingi hazikuwa na kitu. Vidole vyangu vilikufa ganzi. Mbuta wa kwanza alipotokea, mkubwa, mdomo wazi, nilipiga kelele kama mtoto, na kwa muda mfupi tukawa marafiki wanaovua samaki wikendi. Mwalimu akasema sasa mkewe ataamini kwamba yeye ni mwanamume. Fundi akaniambia, "Huyo sasa ndiye mwenye hasira, msalimie." Nikamsalimia yule samaki. Nilicheka, nikamwona mzee hacheki, nikaacha.

Kila dakika chache mzee alikuwa anainua kichwa na kuangalia upande wa Tanzania. Mimi sikuona kitu kule zaidi ya mawingu, na mawingu yalikuwa kila mahali. Lakini yeye aliona. Tulipokuwa na mbuta sita akakata kamba kwa kisu, ndoana nyingi bado zikiwa majini, akasema, "Tunarudi."

Mvuvi akikata kamba yake mwenyewe, hata Mkuria anaelewa.

Upepo ulitukuta katikati. Kwanza mvua iligeuka ikawa inapiga kutoka kando, kisha ziwa likaanza kuinuka. Boti ilikuwa inapanda, inasimama kidogo, halafu inaanguka, na kila ikianguka maji yanaingia. Nikateka. Nilikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa juu, nikateka kama mtu anayelipwa. Mwalimu alikuwa amelala kwenye ukingo wa kulia anatapika, anamwita Mungu kwa Kikisii. Mzee alikuwa mbele, amepiga magoti, ana mti mrefu mkononi wa kusukumia magugu, mgongo wake kwetu. Kisiwa kilikuwa kinaonekana, halafu hakionekani.

Halafu injini ikazima.

Sijawahi kusikia ukimya mbaya vile. Ulikuwa umejaa upepo na mvua, lakini kwangu ulikuwa ukimya. Fundi akafunua kifuniko, akavua koti akalitandaza juu ya injini ili mvua isiingie, akatoa plagi, akaipangusa kwa shati. Boti ikawa inasukumwa tu. Ikatupeleka mpaka ubavuni mwa shamba la magugu, yale magugu maji yenye majani mazito, yameshikana yakawa kama kisiwa kinachotembea. Pale mawimbi yalipungua kidogo. Nikainuka kumwaga kopo.

Nikaona.

Ilikuwa upande wangu, kushoto, hatua kama kumi. Magugu yalikuwa yanapanda na kushuka, na kila yakishuka kitu chekundu kilikuwa kinatokea kati ya majani. Nikajiambia ni gunia. Yakashuka tena. Kilikuwa kitambaa cha kufumwa, kimevimba, na mwisho wake kulikuwa na mistari miwili. Ilikuwa myeupe bado. Sijui iliwezaje kuwa myeupe bado.

Nimeuliza moyo wangu mara nyingi nilifikiri nini, na ukweli ni kwamba nilifikiri kwa uwazi sana, si kama mtu aliyechanganyikiwa. Nilifikiri: nikisema, tutageuka. Mzee atafunga kamba. Tutamvuta polepole, injini chini, hakuna haraka, katika mawimbi haya, na boti hii nusu imejaa. Tutazama sote wanne kwa ajili ya mtu ambaye ameshakufa. Nilimfikiria binti yangu mdogo. Niliufikiria ubaridi wa yale maji yakiingia kinywani. Na nilifikiri pia, Mungu anisamehe, kwamba hakuna aliyeona ila mimi.

Nyuma yangu injini ikakohoa ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena.

Niligeuka. Fundi alikuwa ameinama, mkono kwenye injini, maji yanamtiririka usoni, shati limemganda mbavuni. Alikuwa ananiangalia. Nilifungua mdomo.

"Twende," nikasema. "Twende, ndugu yangu. Twende."

Alikaa vile muda wa pumzi moja, labda mbili. Kisha akaiongezea injini mafuta, boti ikageuka, na magugu yakabaki nyuma. Niliendelea kuteka maji. Sikuinua kichwa mpaka niliposikia kokoto chini ya boti.

Ufuoni wanawake walikuwa wamesimama na mashuka vichwani, mama akiwa mbele. Hakuuliza kuhusu samaki. Aliangalia nyuma ya boti kwanza, mahali ambapo kamba hufungwa, akaona hakuna kamba, akageuka akaenda kuwasha moto ili tuote. Mwalimu alipopata sauti akasema, kwa meno yanayogongana, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Leo tumekuwa waoga, na tumshukuru Mungu." Watu wakacheka kwa nafuu. Nilitaka kumpiga.

Ningeweza kusema jioni ile. Hili ndilo linaloniuma kuliko lile la boti, kwa sababu boti ina kisingizio. Jioni upepo ulitulia. Nilikuwa nimekaa karibu na moto, nina kikombe cha uji, na ningeweza kumvuta mzee kando nimwambie: mzee, pale kwenye magugu, kule ng'ambo. Wangeenda alfajiri na boti tatu. Lakini ningesema nimejuaje? Ningesemaje nilimwona nikampita? Nikajiambia nitasema asubuhi. Asubuhi ni neno zuri sana la waoga.

Nilipoamka mkeka wa fundi ulikuwa mtupu. Nikatoka. Mvua ilikuwa imeacha, ziwa limelala, na boti ya mzee ilikuwa inarudi ikiwa na mtu mmoja ndani. Alikuwa fundi. Alishuka akiwa amelowa mpaka kifuani.

"Ulikuwa wapi?" nikamwuliza.

"Nimeenda kuangalia nyavu."

Niliangalia ndani ya boti. Kulikuwa na kamba moja mpya, imekunjwa vizuri, kavu. Nyavu hazikuwapo, na jana hatukutega nyavu. Nikaangalia ng'ambo, mahali shamba la magugu lilipokuwa. Maji matupu. Upepo wa usiku ulikuwa umeyachukua yote, na magugu yakishaondoka hakuna anayejua yameenda ufuo gani, Kenya au Uganda. Sikuuliza zaidi. Niliamini habari ya nyavu kwa sababu nilihitaji kuiamini.

Tuliizika yago saa nane mchana. Walikuwa wameifunga shuka nyeupe, wanaume wanne wakaibeba kama mtu mzima, na mjane akatembea nyuma yake akilia kilio cha kweli. Kaburini maji yalikuwa yamerudi. Ilipoteremshwa ilielea kidogo, ikabidi mtu ashuke aishikilie kwa miguu mpaka udongo uanze kuingia. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko nilivyotaka. Mama hakulia. Alikuwa anaangalia udongo kama mtu anayeonyeshwa kitu asichokiagiza.

Baadaye akatuita sisi tuliokuwa kwenye boti. Tulisimama mbele yake mstari mmoja, kama watoto wa shule. Alisema anataka kusikia kwa midomo yetu, ili alale.

"Hatukumwona, mama," mwalimu akasema. Yeye alisema ukweli.

Mzee akatikisa kichwa, akasema kwa Kijaluo, naye pia alisema ukweli.

Zamu yangu ikafika. Alinishika mkono tena vile vile, akaufunika.

"Hatukumwona, mama," nikasema.

"Ero kamano," akaniambia. Asante. "Wewe hujui maji, na ulienda. Akufaaye kwa dhiki."

Hakuimalizia methali. Fundi alikuwa wa mwisho. Alikuwa anaangalia kaburi. Alisema neno hilo hilo, kwa sauti ndogo, kwa lugha yao.

Tukarudi Migori. Mwalimu alisimulia hadithi ya dhoruba gereji nzima mpaka ikawa na mawimbi marefu kuliko mnara wa simu. Mimi nikaanza kusema nina aleji. Kwa sababu mama alikuwa anatuma samaki: kila baada ya wiki kadhaa, mbuta wa kukaushwa, wamefungwa kwa gazeti, wa yule kijana wa ng'ombe. Nilikuwa nawapa jirani. Nyumbani kwangu hakuna maji ya maana, kuna kisima tu, lakini tangu wakati huo mvua ikinyesha usiku naamka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Mke wangu anafikiri naogopa wezi.

Fundi hakwenda tena Takawiri. Hata Krismasi hakwenda. Watu wakisema ni kwa sababu ya huzuni, anarudi chini ya gari.

Mwaka ulikuwa umepita, msimu wa mvua tena, nilipompelekea pikapu kwa shida ya breki. Wafanyakazi wake walikuwa wameenda kula. Yeye alikuwa chini ya gari, namwona miguu tu. Mvua ikaanza kupiga mabati, na mimi nikashindwa. Nilichuchumaa pale kwenye mafuta nikasema.

"Ile Jumamosi. Injini ilipozima. Kuna kitu niliona kwenye magugu nikanyamaza."

Spana haikusimama. Ilizunguka mara mbili, tatu.

"Mistari miwili," akasema kutoka chini ya gari.

Nilishika tairi.

"Injini ilikuwa imeshapona," akasema. "Iliwaka mara ya kwanza. Niliizima mimi, nikaiwasha tena. Nilikuwa nakupa muda." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ile anayotumia kukuambia gari lina shida gani. "Mimi singeweza kusema. Ningesema, mzee angegeuka, na mngekufa kwa ajili ya ndugu yangu. Nilikuwa nimekuvisha jaketi, sikukuleta ufe. Ilikuwa lazima aseme mtu ambaye si wa damu yake. Nikasema moyoni, huyu ameona. Akisema yeye, tunaenda."

Mvua ilipiga. Nilikuwa nalia, mtu mzima, mikono yote ina mafuta.

"Nilirudi asubuhi na kamba," akasema. "Hakuwepo."

Kisha akatoa mkono chini ya gari, kiganja wazi.

"Nipe spana namba kumi na nne."

Nikatafuta, nikampa.

"Na usisahau samaki wako," akasema. "Wako pale kwenye benchi, kwenye gazeti. Mama ametuma jana."